Makopo ya wakimbiaji: nimeyapitia msimu mzima wa kujiandaa na Kili, haya ndo yenye kazi

Niseme mapema ili asiye na muda aondoke na jibu lake: kwa sisi wa mbio ndefu, katika vyote vinavyouzwa kwenye maduka ya saplimenti, chenye kazi ya kuonekana ni sukari, afu kahawa, afu kwa mbali kidogo bitiruti, na vingi vilivyobaki ni makopo ya kupendezesha kabati tu. Mengine nimenunua kwa hela yangu, mengine tulichanga kwenye kikundi chetu cha jogging tukagawana tupime wenyewe, yote hayo tukiwa tunajiandaa na Kilimanjaro Marathon, na kwa vile kila Jumamosi tukishamaliza kunyoosha viungo hakosekani mtu wa kunivuta pembeni "kaka hebu niambie ninunue nini", nimeona niandike mara moja wote msome.

Tuanze na duka lenyewe. Maduka haya hapa Dar yamekuwa mengi, yote yanafanana, kiyoyozi kikali, makopo meusi makubwa kama ndoo ndogo za rangi, picha za mabaunsa ukutani. Nikamwambia kijana wa pale mi sinyanyui vyuma, mi nakimbia, tena kilomita 42. Hakufikiria mara mbili, akashusha kopo la BCAA, "hii broo ndo ya watu wa stamina, misuli haichoki". Kijana mwenyewe mchangamfu hana neno, akanikorogea kwenye kikombe nionje, ila hakuniuliza nakula nini, wala nakimbia kwa muda gani, wala kama nina presha. Kwa huduma nawapa nne juu ya tano, kwa ushauri moja, na hiyo moja ni ya kiyoyozi.

Sasa hiyo BCAA. Ni amino asidi tatu, yaani vipande vinavyojenga protini, lusini, isolusini na valini, na hadithi yake ina mzizi wa kisayansi kabisa, sio kwamba wauzaji walitunga tu. Miaka ya 1980 kule Oxford kulikuwa na mtaalamu wa baiokemia anaitwa Eric Newsholme, yeye alisema hivi, ukikimbia muda mrefu misuli inazichoma hizi BCAA, zikipungua kwenye damu basi amino nyingine inaitwa triptofani inapata nafasi ya kuingia kwa wingi kwenye ubongo kwa sababu zote zinagombania mlango mmoja, na ubongo ukiipata unaigeuza serotonini, kemikali ya ubongo, ndo unasikia uchovu wa kichwani ule wa kutaka kukaa chini barabarani. Wazo zuri sana, linaeleweka. Tatizo likaja watu walipopima kwa wakimbiaji na waendesha baiskeli, wakawapa BCAA huku na maji ya sukari kule, mara nyingi hawaoni tofauti ya maana kwenye muda wa kumaliza. Tena ukinywa sukari wakati unakimbia unakuwa tayari umezuia sehemu kubwa ya hilo jambo, maana mafuta hayapandi sana kwenye damu na triptofani inabaki imeshikwa palepale na protini za damu. Yaani kazi ambayo kopo linajisifia, sukari inaifanya kwa bei ya dukani kwa Mangi. Afu hizo amino tatu zimejaa kwenye maziwa, mayai, dagaa, hata maharage. Sisi kikundini waliokunywa na wasiokunywa hatukuona tofauti yoyote, ladha ya embe lakini ilikuwa tamu nisiseme uongo. Nyota moja na nusu.

Hapa kwenye sukari naomba mnivumilie maana ndo penyewe.

Msuli wa mtu anayekimbia unatumia vitu viwili vikubwa, mafuta na wanga. Mafuta hata mtu mwembamba anayo ya kumfikisha Dodoma kwa miguu, ila yanatoka taratibu na yanahitaji oksijeni zaidi kwa kila nguvu inayopatikana, kwa hiyo ukiongeza kasi mwili unageukia wanga. Na wanga umehifadhiwa kidogo: kwenye misuli gramu 400 mpaka 500 hivi za glikojeni, na kwenye ini kama gramu 100, basi. Kwa kasi ya ushindani hiyo inakupeleka saa moja na nusu, mbili, afu unaanza kuona dunia nyingine. Wale mliowahi kuwaona watu kilomita ya 32 wanatembea macho yamewatoka, wengi sio kwamba hawakufanya mazoezi, kimeisha tu.

Haya tuliyajuaje? Kuna Waswidi wawili, Jonas Bergström na Eric Hultman, mwaka 1966 walichapisha jaribio ambalo mi huwa nalisimulia kila mahali mpaka wenzangu wamenichoka. Walijitumia wenyewe. Wakakaa kwenye baiskeli moja, huyu upande huu yule upande ule, kila mmoja ananyonga kwa mguu mmoja tu mpaka mguu unakataa kabisa, mguu wa pili umepumzika. Afu wakawa wanakula wanga kwa wingi siku tatu, huku wanajichoma sindano nene ya kunyofoa kipande kidogo cha msuli kutoka kila paja. Mguu uliofanya kazi ukajaza glikojeni mpaka kufika kama mara mbili ya ule uliokaa bure. Chakula kilekile, damu ileile, mtu yuleyule. Maana yake msuli uliochoshwa ndo unavuta wanga, na ndo asili ya watu kujaza wanga siku chache kabla ya mbio. Sasa kwa hilo hauhitaji kopo, wali upo, ugali upo, viazi vitamu vipo, ndizi za kupika zipo. Wakenya walipopimwa chakula chao na watafiti, utafiti uliotoka 2004, zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga, ugali na sukari ya kwenye chai ya maziwa vikiwa mbele, na hao walikuwa wakimbiaji wa juu kweli sio kina sisi.

Kwenye mbio zenyewe ndo jeli zinaingia, vile vipakiti vya sukari nzito unavyonyonya huku unakimbia. Nilizotumia zaidi ni Maurten, hawa ni kampuni ya Sweden, wakimbiaji wengi wakubwa wamezitumia akiwemo Eliud Kipchoge. Jeli yao ya kawaida inaitwa Gel 100, ndani gramu 25 za wanga, na kinywaji chao cha 320 ukikoroga kwenye maji nusu lita unapata gramu 80. Wanachojivunia ni kwamba wanatumia alginati, kitu kinachotoka kwenye mwani, na kwenye kinywaji wanaongeza pektini inayotoka kwenye matunda, ili mchanganyiko ugeuke ute mzito laini na upite tumboni bila kelele. Kwangu tumbo lilitulia kweli, haina ile sukari ya kunata kooni, haina rangi, haina ladha ya dawa ya kikohozi, ni kama unakula kitu ambacho hakijaamua kiwe nini. Ila kusema ukweli watafiti waliopima huo ute dhidi ya sukari ya kawaida ya kiasi kilekile, wengi hawakuona mtu anakimbia haraka zaidi. Kwa hiyo unalipia urahisi wa kubeba, kipimo kinachojulikana na tumbo kutulia. Nyota nne. Ingekuwa bei ya huku kwetu inaruhusu kufanya nazo mazoezi kila wiki ningemalizia ya tano, lakini hela ya jeli moja inakula wali nyama kwa mama ntilie zaidi ya siku moja.

Kipimo ni hiki, mshike: mbio za saa moja na nusu mpaka mbili na kitu, gramu 30 mpaka 60 kwa saa. Ukizidi hapo, mtu wa saa nne tano kama wengi wetu, unaweza kupanda mpaka 90 ila sio kwa glukosi peke yake, maana mlango wa glukosi kwenye utumbo unajaa ukifika kama gramu 60 kwa saa, ziada inabaki tumboni inachacha ndo unaanza kutafuta choo Moshi nzima. Fruktosi, ile sukari ya matunda, inapita mlango mwingine, ukichanganya zote mbili zinaingia nyingi zaidi. Na hapa ndo nachekaga kidogo, kwa sababu pakiti ya glukosi ya dukani, ile watu wanapewa wakiumwa, ni glukosi tupu, lakini sukari ya kawaida ya kwenye chai ni nusu glukosi nusu fruktosi, imeshachanganywa tangu kiwandani bila mtu kuiandikia "dual" kwenye lebo. Asali hivyohivyo, tende hivyohivyo. Tende ndogo tano hivi zinakaribia jeli moja, ila kuzitafuna huku unapumua kwa mdomo ni kazi nyingine, mi huwa natoa kokwa nyumbani nazisaga na chumvi kidogo naziweka kwenye kifuko. Kinywaji changu: maji nusu lita, sukari vijiko vya mezani vitatu visivyo na mlima, chumvi ya kubana kwa vidole, limao nusu. Dada mmoja wa kikundi chetu aliniambia hii si juisi ya harusini hii, nikamwambia ndo hiyohiyo, kunywa, na amemaliza nayo nusu marathoni bila kununua jeli hata moja. Nyota tano.

Jambo moja watu hawaliamini: tumbo linafundishwa. Usiende siku ya mbio na kitu kipya. Wiki kadhaa kabla, kwenye zile mbio ndefu za Jumapili, kula kama utakavyokula siku yenyewe, linazoea. Na kwa Kili mpango wa kula una maana zaidi kwa sababu njia ya 42 inakudanganya, mwanzo unatoka tambarare barabara ya Dar na kurudi, unajiona simba, afu nusu ya pili ndo unaanza kupandishwa kuelekea Mweka na kilima hakiishi. Ukingoja njaa ndo ule umechelewa, anza ndani ya nusu saa ya kwanza, kidogokidogo, ili ukifika mlimani bado una kitu.

Kahawa. Hii ndo saplimenti ninayoiheshimu kuliko zote zenye lebo. Kafeini inakaa kwenye vile vipokezi vya adenosini kwenye ubongo, adenosini ndo inayokwambia umechoka, sasa kiti kimekaliwa, ujumbe haufiki vizuri. Zamani walisema inafanya msuli uchome mafuta na kutunza glikojeni, siku hizi maelezo makubwa ni hayo ya kichwani. Kiasi kinachofanya kazi ni miligramu 3 kwa kilo ya uzito, mpaka 6, saa moja kabla, mtu wa kilo 70 ni kama 210, na kwa wengi hakuna sababu ya kufika 6, utatetemeka tu na moyo kwenda mbio kuliko miguu. Mpaka kufika 2004 kafeini nyingi ilikuwa inahesabika kosa michezoni, WADA, wale wanaosimamia vita dhidi ya dawa haramu michezoni duniani, wakaitoa kwenye orodha. Vidonge nimetumia, faida yake unajua kiasi. Kahawa ya kijiweni na kashata inapendeza zaidi lakini hujui mzee ameichemsha kwa mkono gani, vikombe vile vidogo leo viwili vinakuamsha kesho vinne havisemi kitu. Mwenye presha, mjamzito, au mwenye moyo wa kurukaruka aulize daktari kwanza. Nyota nne na nusu.

Bitiruti sasa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Exeter, timu ya Andrew Jones, mwaka 2009 walionesha watu waliokunywa nusu lita ya juisi yake kwa siku kwa siku sita walivumilia mazoezi makali ya baiskeli kwa asilimia 16 zaidi kabla ya kushindwa, na walitumia oksijeni kidogo kwa kazi ileile. Inavyofanya kazi inafurahisha: ndani kuna naitreti, unaimeza, inarudi kwenye mate, bakteria wa kwenye ulimi wanaigeuza naitraiti, ukimeza tena mwili unatengeneza naitriki oksaidi, mishipa inatanuka na msuli unabana matumizi. Kwa hiyo ukisukutua na ile dawa ya mdomo ya kuua bakteria asubuhi ya mbio umewaua wafanyakazi wote, juisi yako haina wa kuipokea. Inywe saa mbili tatu kabla. Na usiogope ukienda haja ndogo ikatoka nyekundu, sio damu, jamaa yetu mmoja alishataka kukimbizwa hospitali. Kwa wakimbiaji wa juu sana faida inapungua, sisi wa katikati ndo tunaifaidi kidogo. Kuna vile vichupa vidogo vilivyokolezwa kutoka nje, vina kipimo kamili, ila bitiruti ya sokoni na blenda inatosha kujaribia. Na mchicha nao una naitreti nyingi tu, basi acheni ule mtindo wa kuuchemsha na kumwaga maji. Nyota tatu na nusu, nusu nimekata kwa sababu ya ladha ya udongo, hata tangawizi haikuificha.

Vilivyobaki haraka. Kreatini ni saplimenti ya kweli, imepimwa sana, ila inasaidia nguvu za sekunde chache, kunyanyua na kukimbia mita mia, na inavuta maji kwenye msuli unaongezeka kilo moja hivi, sasa hiyo kilo uibebe mpaka Mweka kwa faida ya nani. Beta-alanini inaongeza kanosini ya kupunguza makali ya asidi kwenye msuli, faida yake iko kwenye kazi ya dakika moja mpaka nne, na inaleta mtekenyo usoni na masikioni ambao wauzaji wanakwambia "unaona inafanya kazi", hapana, hiyo ni mishipa ya fahamu tu inawasha. L-karnitini ndo iliyonikera. Ni kweli ndo inabeba mafuta kuingia kwenye mitokondria, vile vijitanuru vya ndani ya seli, yachomwe, lebo inaandika hivyo na haijadanganya, lakini kuimeza na kuiingiza kwenye msuli ni vitu viwili tofauti. Kuna utafiti wa Nottingham wa 2011 waliofanikiwa kuipandisha kwenye msuli kwa asilimia 21, ila watu walikunywa pamoja na gramu 80 za wanga mara mbili kwa siku, wiki 24. Miezi sita ya sukari ile yote ili uchome mafuta! Muuzaji hilo hakulitaja. Nyota moja.

Vitamini C na E za dozi kubwa, zile za kutupia kwenye glasi zinachemka, kila mtu anapenda kunywa baada ya mbio. Mwaka 2009 kuna utafiti wa Ujerumani watu walifanya mazoezi wiki nne, waliokuwa wanameza miligramu 1000 za C pamoja na E kila siku, zile faida za mazoezi kwenye namna mwili unavyotumia insulini zikawapita pembeni. Inaonekana ule msukosuko kidogo wa mazoezi ndo unaoufundisha msuli, ukiuzima wote haujifunzi. Kula chungwa, la Tanga likiwepo. Madini ya chuma hayo ni habari nyingine, hasa akina dada, lakini hayo unapima damu kwanza, feritini, yaani kipimo cha akiba ya chuma mwilini, hununui kwa kubahatisha, na ukipewa vidonge usivishushie na chai.

Kuna hili nataka walio na ndoto za kushindana walisome mara mbili. Maabara ya Cologne ilikusanya saplimenti 634 zisizo za homoni kutoka nchi 13, matokeo yalitoka 2004, 94 kati yake zilikutwa na vitu vya jamii ya steroidi ambavyo havikuandikwa popote kwenye lebo. Karibu asilimia 15. Na sheria ya WADA haijali kama ulijua au hukujua, kikikutwa kwenye mwili wako ni chako. Kwa hiyo kama unapimwa au unategemea kupimwa, tafuta yenye alama ya Informed Sport au kama hiyo, zile kundi kwa kundi zinapimwa, ukague namba ya kundi kwenye tovuti yao. Na kopo lililoandika "mchanganyiko maalumu" bila kusema kila kitu kina miligramu ngapi, rudisha. Angalia na tarehe pia, maana nimeshakuta dukani makopo yamebandikwa bei juu ya tarehe ya kuisha muda, yamkini bahati mbaya, yamkini sio.

Vidonge vya chumvi, nilitumia siku za joto la Januari, sikuona cha kuniambia nirudie, chumvi ya kwenye kile kinywaji changu ilitosha. Tahadhari kubwa kuliko chumvi ni kunywa maji kupita kiasi, watu wanakunywa kila meza hata hawana kiu, sodiamu kwenye damu inashuka. Walipopima damu za wakimbiaji 488 wa Boston Marathon ya 2002, asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa imeshuka chini ya kawaida, na wengi ni wale wa polepole waliokunywa mpaka wakaongezeka uzito njiani. Kunywa kiu ikikwambia.

Bikaboneti, ile soda ya kuokea ambayo wengine wanaimeza kabla ya mbio, sijaigusa, na magadi ya jikoni pia mtu asije akajaribu kwenye daladala ya kwenda mazoezini, tumbo lake linajulikana. Hiyo ni ya watu wa mita 800 na 1500, kama kuna aliyeitumia aandike na yeye.